Viatu vya Kazi vya Mama

Kila alasiri Mama aliporudi kutoka kazini, hakuuliza kwanza chakula. Aliuliza barua.

"Chiriku, leo wameandika nini?"

Naye Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili, aliketi mezani akasoma barua ya umeme, tangazo la shule au maelezo ya dawa, kisha akamweleza Mama yote kwa Kiswahili. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu lugha ya nchi ile ya ugenini ilimwingia kinywani ndani ya miezi michache. Mama, lugha hiyo ilimkataa. Alijua kusalimu na kushukuru, basi. Mengine yote aliyasema kwa kinywa cha binti yake.

Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo hospitalini. Sakafu yake ilikuwa ya vigae, na kutwa nzima haikukauka maji ya sabuni. Soli za viatu vyake zilikuwa zimelika hadi zikawa laini kama kiganja. Jumamosi moja wakaenda dukani kununua viatu vyake, na vya Chiriku vya muhula mpya.

Vya Chiriku walivipata upesi. Vya Mama ndivyo vilivyoleta kazi. Namba za viatu za huko hazikufanana na za kwao, kwa hiyo alijaribu jozi baada ya jozi, masanduku yakarundikana kando ya benchi. Tena Mama hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kila kiatu alikikunja, akakigonga soli, akakinusa ngozi, huku akizungumza kwa sauti aliyoizoea kazini, ile ya kushindana na mashine.

Hapo wakaingia wasichana wawili wa darasa la Chiriku. Mmoja alimtazama Mama, akachukua kiatu, akakipeleka puani. Mwenzake akaziba mdomo kwa kicheko. Chiriku aliona uso ukimwaka moto.

"Muulize," Mama alisema, "hivi haviwezi kuteleza kwenye maji ya sabuni?"

Chiriku alimgeukia muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza kwa sauti ndogo. Muuzaji akatikisa kichwa. "Hivi ni vya kutembelea tu. Kama mama yako anafanya kazi penye maji, nina vingine stoo. Nisubirini kidogo nivitafute."

Kusubiri tena, na wale wawili wamesimama pale pale! Chiriku akamjibu muuzaji, "Hapana, hivi vinatosha." Kisha akamwambia Mama, "Amesema havitelezi. Alitikisa kichwa kukataa kwamba vinateleza."

Mama akaridhika. Wakanunua, wakaenda zao.

Siku ya tatu Chiriku alitoka shule akamkuta Mama nyumbani, saa ambayo hakuwahi kumkuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kwenye kiganja hadi kwenye kiwiko.

"Nimeteleza na kapu la mashuka," Mama alisema. "Mfupa haukuvunjika, ila mkono umeteguka kwenye kifundo. Wamenipa wiki mbili za kupumzika."

Chiriku alisimama na begi lake mgongoni, akiitazama bandeji ile. Jioni ile ndiye aliyemfunga Mama vifungo vya gauni, akamkatia mboga, akamsukia nywele. Mama alimshukuru kwa kila jambo, na kila shukrani ilimchoma kama mwiba.

"Yule muuzaji ameniona mgeni, akanidanganya," Mama alisema. "Kesho tunarudi. Utamwambia nitakayoyasema, neno kwa neno."

Kesho yake muuzaji alipouona ule mkono, aliacha kazi yake akaleta kiti. Mama hakukaa.

"Mwambie: wewe ni mtu mzima kama mimi. Kwa nini umemdanganya mtu asiyejua lugha yako?"

Muuzaji alimtazama Chiriku, akingoja. Chiriku alijua kwamba angeweza kusema lolote. Angeweza kumwambia kwamba Mama anataka kubadilisha viatu tu, halafu atunge na jibu la kumpelekea Mama. Lakini alikiona kile kiti alicholetewa Mama, akamgeukia.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, "yeye hakukudanganya. Alisema ana vingine stoo. Ni mimi niliyemkataza. Wenzangu walikuwa wanatucheka."

Mama alimtazama binti yake. "Kumbe ulinionea aibu?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Basi mweleze na yeye. Yote, hata tuhuma yangu. Kisha umwambie namwomba radhi."

Chiriku akaeleza, hakuacha neno. Muuzaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikwenda stoo akarudi na viatu vyeusi vyenye soli ya mpira iliyochongwa mistari mirefu. Akalowesha kigae cha mlangoni kwa kitambaa chenye sabuni, akamwashiria Mama ajaribu. Mama alikanyaga, akasukuma mguu kwa nguvu. Haukwenda popote.

Lakini viatu vilivyokwisha kuvaliwa kazini havikuweza kurudishwa, na Mama hakuwa na pesa za jozi nyingine. Vya Chiriku vilikuwa bado ndani ya sanduku, havijagusa ardhi. Akakimbia nyumbani kuvichukua, akavirudisha yeye mwenyewe ili kwa pesa hizo Mama apate vyake, akijua kwamba muhula mpya ataanza na vile vikuukuu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mama alimkabidhi mfuko aubebe.

"Mwanangu, mimi pia nina kosa. Nimekutwika mzigo wa mtu mzima. Wiki hizi mbili utanifundisha lugha ya watu hawa, hata kwa fimbo ikibidi." Alitabasamu kidogo, kisha akawa mzito tena. "Lakini shika hili. Mtu akikupa maneno umfikishie mwenzake, amekupa amana. Huna ruhusa ya kupunguza wala kuongeza, hata dunia nzima ikikucheka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mkono wangu wataniuguza madaktari. Imani yangu kwako imeteguka pia, na hiyo utaiuguza wewe, kwa kusema kweli kila siku, mpaka ipone."