Kiti cha Mandla

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya kilima, na magita ya muziki wa maskandi bado yanalia jukwaani, pale Zodwa Ntuli alipotoka uwanjani kwenda kutafuta gari la kurudi nyumbani. Mtu mwenye akili zake haondoki kwenye tamasha kabla msanii mkubwa hajapanda. Lakini Zodwa hakuja kucheza. Alikuja kumchukua kaka yake, na kaka yake alikuwa amekufa tangu mwaka jana.

Ndani ya mkoba wake, likiwa limefungwa kwa kitambaa cheupe, mlikuwa na tawi la mphafa, ule mti ambao mwiba wake mmoja umenyooka na wa pili umepinda. Kwao, aliyefia njiani hafiki nyumbani mwenyewe. Huendewa na tawi pale alipoangukia, akaitwa kwa jina, akapandishwa garini, akalipiwa kiti chake kama abiria mwingine yeyote. Anayelishika tawi hasemi na mtu. Husema na marehemu tu, mpaka tawi litakapolazwa msamo, pale ndani kabisa ya nyumba ya duara, wanapokaa wahenga wa familia.

Mandla aliangukia kwenye daraja la Nkonjane, siku ya tamasha hilihili la mwaka jana. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa inamwagika na basini kimebaki kiti kimoja. Akamsukuma dada yake ndani. "Kaa wewe," alimwambia, "mimi nitarukia pikapu." Pikapu ikapinduka darajani.

Baba yao mdogo, Bhekumuzi, ndiye aliyekwenda na tawi. Akaenda nalo hospitali, kwa kuwa madaktari walisema kijana alikata roho kitandani kwao. Akamwita huko, akamlipia kiti, akaja naye. Alikuja na nani, Mungu ndiye ajuaye, maana Mandla hakufika. Mama yao, MaDlomo, alimwota kila akifumba macho: amesimama darajani, amelowa chapachapa, anauliza kiti chake kiko wapi. MaDlomo akaacha kula. Akakonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Alipomwomba shemeji yake arudie safari, shemeji alikuja juu. "Nimeshamleta. Mnataka kusema nilibeba kuni?"

Basi mama na binti wakaamua kimyakimya. Na MaDlomo alirudia neno lilelile mpaka Zodwa akaona anafanywa mtoto. "Ukishalishika tawi, mdomo wako ni wa Mandla peke yake. Hata ukiniona mimi barabarani, nipite."

Kwa hiyo gari lilikuwa jambo la kuchagua kwa makini. Basi waliloletwa nalo lilirudi kwa barabara ya lami, halikanyagi Nkonjane. Pikapu zilipita barabara ya zamani, lakini pikapu haina kiti, na Zodwa alikuwa ameapa kaka yake hatapanda pikapu tena, hata akiwa maiti. Yalibaki magari madogo, yamepangwa chini ya miti, madereva wamelala juu ya boneti.

"We Zodwa."

Alikuwa Khetiwe, rafiki yake tangu utotoni, jirani wa ng'ambo ya kijito. Walikuja pamoja kwenye basi. Alikuwa peku, viatu vyake vyekundu mkononi, miguu imevimba kwa kucheza.

"Unayakagua magari hivyo, unataka kununua?"

"Natafuta maji ya kunywa," Zodwa alisema. "Tangulia kwenye basi, nishikie kiti. Nakuja."

"Ukichelewa nakalia vyote viwili. Nitajinyoosha kama bibi harusi."

"Nishikie tu, Khetiwe."

Khetiwe akaenda zake, anacheka. Zodwa alimtazama mpaka akapotea kwenye watu, akijua amemdanganya. Lakini angefanyaje? Mambo ya mphafa hayabebwi na rafiki.

Dereva wa kwanza alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Viti viwili, sawa. Lakini huyo wa pili, hapana. Mimi nabeba walio hai, na hao wenyewe wananitoa jasho kulipa." Wa pili alipandisha kioo.

Wa tatu alikuwa mzee Ngubane, mwenye gari jeupe la zamani na beji ya kanisa kifuani.

"Viti viwili, Baba. Mimi na kaka yangu."

"Kaka yuko wapi?"

"Nkonjane. Darajani."

Mzee alivua kofia yake taratibu. Akazima redio. Kisha akaenda kukiondoa kikapu kilichokuwa kwenye kiti cha nyuma, akakipangusa kiti kile kwa kiganja, upande wa dirishani.

"Hapa atakaa vizuri," alisema.

*

Darajani palikuwa kimya. Mto ulikuwa chini sana, hausikiki. Mzee aliuacha mlango wa nyuma wazi, akakaa kwenye usukani, akatazama mbele kama wanavyotakiwa madereva wa safari kama hizo.

Zodwa alilifungua tawi. Akashuka kidogo kando ya daraja, pale ambapo ukingo ulikuwa bado umepinda, akaligusisha majanini.

"Mandla. Mandlenkosi wa kina Ntuli. Ni mimi, Zodwa. Tulikosea njia, tukakutafuta hospitali. Nimekuja kukuchukua. Kiti chako kipo."

Akangoja. Mama yake alimwambia tawi likipata mwenyewe huwa zito.

Lilikuwa jepesi... jepesi vilevile.

"Mandla, usinikasirikie. Twende nyumbani."

Huko nyuma, juu ya mteremko walikotoka, honi ya gari ililia kwa muda mrefu. Kisha kishindo kimoja. Kisha si honi wala nini. Zodwa akajiambia ni ngoma za uwanjani, upepo ndio unaozichezea.

Akarudi garini pole pole, tawi mbele yake, anasema na Mandla hatua kwa hatua, shikilia, panda huku, angalia jiwe. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira, kwa sababu tawi lilikuwa bado jepesi.

Hapo ndipo alipomwona mtu anashuka mteremko.

Alikuwa peku. Kiatu kimoja chekundu mkononi.

"Zodwa," alisema Khetiwe. "Nimekushikia kiti mpaka basi likataka kuondoka."

Zodwa aliuma midomo.

"Nilishuka nikakutafute. Wakasema umepita huku. Mbona umeniacha?"

Sauti yake haikuwa na ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. Nguo yake ilinuka petroli na majani mabichi. Amepata lifti kwenye pikapu, Zodwa aliwaza, wamemshusha hapo juu. Akaligeuza tawi upande wa pili, akalitazama hilo tu.

"Husemi na mimi?"

Zodwa alipiga hatua moja kuelekea garini.

"Zodwa, giza linaingia. Usiniache hapa."

Nani angeweza? Mwaka jana alikalia kiti na mwenye kiti akabaki mvuani. Leo amemdanganya huyu, na huyu, mjinga wa upendo, amegombana na kondakta, ameacha basi zuri, amekuja kumtafuta mpaka huku. Gari lina nafasi. Mandla atakaa mbele. Neno moja tu, alijiambia, na Mandla ataelewa, yeye ndiye aliyekuwa na moyo wa kuachia watu viti.

"Panda, Khetiwe," alisema. "Panda twende nyumbani."

Mabega ya mzee Ngubane yalishtuka kule mbele. Hakugeuka.

Khetiwe aliingia kwa mlango uliokuwa wazi. Akakaa dirishani.

Na tawi likawa zito.

Lilishuka mkononi mwa Zodwa ghafla, mwiba uliopinda ukamshika kwenye mkono wa sweta ukamng'ang'ania. Furaha ikampanda mpaka akataka kupiga vigelegele. Amekuja! Mandla amekuja. Akaingia akakaa karibu na Khetiwe, akafunga mlango, gari likaondoka.

Hawajafika mwisho wa daraja alipozisikia nyayo.

Zilikuwa za mtu mmoja. Anakimbia. Viatu vimejaa maji, chwa, chwa, chwa, nyuma ya gari... Zodwa aliinamisha kichwa asione. Mzee aliona kitu kwenye kioo chake, au hakuona, alikanyaga mafuta. Nyayo nazo zikaongeza mbio. Kiganja kikagonga buti.

Mara moja tu.

Kisha barabara ikawa tupu.

Njia nzima Zodwa hakugeuka nyuma, na kazi yake aliifanya. "Mandla, tunapita duka la zamani. Mandla, tunavuka kijito cha Nkonjane ndogo. Mandla, hii ndiyo njia panda ya kwetu." Kila alipolitaja jina, Khetiwe aliitikia kwa kichwa, pole pole, kama anayeitwa kwa jina la mtu mwingine na hataki kumwaibisha aliyemwita. Wakapita njia ya kwao Khetiwe. Hakuomba kushuka. Zodwa naye hakuthubutu kumwambia mzee asimame, maana alikuwa ameshakosa mara moja.

MaDlomo alikuwa langoni na kibatari. Alipolipokea tawi na kuhisi uzito wake, alilikumbatia kifuani bila kujali miiba. "Karibu, mwanangu. Karibu, Mandla," alinong'ona, akaingia nalo kinyumenyume. Walililaza msamo. Nyumba ikajaa harufu ya majani mabichi.

Zodwa alitoka mbio kumuaga rafiki yake. Kwenye gari hapakuwa na mtu isipokuwa mzee, amesimama kando, kofia mkononi.

"Baba, yule mwenzangu ameelekea wapi?"

Mzee alikitazama kiti cha nyuma. Kilikuwa kimelowa.

"Mwanangu," alisema chini kwa chini, "pale darajani uliita jina la nani?"

*

Habari ililetwa asubuhi na wachota maji. Pikapu iliacha njia jioni ile juu ya mteremko wa Nkonjane, kabla ya daraja. Waliokuwa nyuma waliumia. Aliyekufa ni mmoja, Khetiwe wa MaCele, na alikufa palepale. Walikiona kiatu chake kimoja tu.

Zodwa alilia mazikoni mpaka akabebwa. Watu walisema, kweli wale walipendana.

Kwa MaDlomo mambo yalinyooka. Anakula. Amenenepa, pete imemkaa. Hamwoti tena mtu amesimama darajani. Analala usingizi wa mtoto mchanga. Kila jioni anaweka kibuyu cha bia msamo na kusema, "Habari za jioni, Mandla mwanangu." Wakati mwingine anaguna na kuwaambia majirani kwamba huko alikokuwa kijana amejifunza utundu, siku hizi anacheka gizani kama msichana.

Anayemwota Mandla sasa ni Zodwa. Hamuulizi kuhusu kiti. Anakimbia tu, ameunyoosha mkono, na gari haliishi kwenda.

Mwezi ulipoandama MaCele, mama yake Khetiwe, alikuja. Alikaa chini mkekani bila kukaribishwa, mikono mapajani, mwanamke aliyezeeka kwa siku chache.

"Tumekwenda kule juu na tawi," alisema. "Mara mbili, mwanangu. Limekuja jepesi kama unyasi."

Zodwa alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ulisimama.

"Naye anakuja usingizini, ananiambia tusijisumbue kule, hayupo. Anasema alipandishwa garini akaletwa kwenye nyumba ya watu. Wanamtunza. Wanampa bia, na yeye bia hanywi, unamjua." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini anasema kila jioni wanamsalimu kwa jina la mwanamume. Wewe ndiye ulikuwa mwenzake. Hiyo nyumba ni ipi?"

Ndani ya nyumba ya duara kibuyu kiliwekwa chini. MaDlomo alikohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya kusema na wahenga. Sauti yake ilikuwa na afya, na raha, sauti aliyokuwa nayo zamani Mandla alipokuwa hai.

"Habari za jioni, Mandla mwanangu."

MaCele aliinua kichwa. Akautazama mlango, kisha akamtazama Zodwa, akangoja.

Ile siku darajani Zodwa aliambiwa anyamaze, akasema. Leo aliulizwa, akauinua ungo wake, akanyamaza.