Wino na Chaki

Kituo kikuu cha mabasi kina mlango mmoja tu wa kutokea, na Jumamosi asubuhi kila anayeingia mjini lazima apite hapo. Ndiyo maana mwalimu wa historia alipachagua. Alifika mapema na mfuko begani, gauni la buluu la mikono mirefu, viatu vya chini, na kilemba cha njano alichokifunga haraka haraka kikakaa upande. Akaanza kuwagawia wapita njia kijitabu cha kurasa nane. Jalada lake lilikuwa na maneno matatu kwa herufi kubwa: SOKO LETU HALIUZWI.

Hakuwa amegawa hata robo alipohisi mtu amesimama karibu naye mno. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, na mkononi alishika vipeperushi vyake mwenyewe. Hivyo vilikuwa vya dini, vya kumuuliza msomaji kama yuko tayari kwa siku ya mwisho. Abiria waliharakisha kutoka wakachukua vyote viwili wakidhani ni kitu kimoja. Mama mmoja mwenye mizigo alirudi kuuliza kama soko nalo linakwenda mbinguni.

"Kaka, hapa nimewahi mimi," mwalimu alisema.

"Sijaja kukufukuza, dada. Mlango ni mmoja na watu ni hao hao. Tugawane. Wewe chukua wanaotokea kushoto, mimi wa kulia."

"Na wa katikati?"

"Hao tumwachie shetani."

Mwalimu alicheka kabla hajajizuia. Yule kijana akakifungua kijitabu cha mwalimu, akasoma amesimama huku watu wakimpiga vikumbo. Alipofika katikati akakunja uso. Akamwambia maneno ni mazuri, ila wino umevuja na ukurasa wa tano umekaa kichwa chini. Mwalimu akajitetea kwamba alitumia mashine ya shuleni, nayo imezeeka kuliko mkuu wa shule. Kijana akamwonyesha vidole vyake, vyeusi kwenye kucha hata baada ya kunawa. Yeye ni mchapaji, alisema, anaendesha kiwanda cha chapa cha kanisa. Akajitolea kumchapia upya, bure.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeanza kusoma na siwezi kumalizia. Utanifanya nikose usingizi."

Wakapeana namba. Kwa vile mkono wa gauni la mwalimu ulikuwa na vumbi la chaki, kijana akaiandika namba ile kwa jina la Chaki. Mwalimu alipochungulia na kuliona, naye akamwandika Wino, na toka siku hiyo hawakuitana vinginevyo.

Soko lenyewe lilikuwa nyuma ya kituo, chini ya paa la mabati lililotoboka hapa na pale. Mama yake Chaki alikuwa na cherehani yake humo tangu kabla ya binti yake kuzaliwa. Halmashauri ya mji ilikuwa imetangaza kwamba soko limechakaa na kiwanja kitauzwa. Haikusema kitauzwa kwa nani, wala wafanyabiashara waende wapi. Chaki aliuliza ofisini mara nyingi, akajibiwa asubiri. Alipochoka kusubiri, akaandika.

Wino alichapa kile kijitabu upya kwa karatasi safi, akakishona kwa pini katikati, na kwenye ukurasa wa mwisho akaweka pambo dogo la jani, kama alivyozoea kuweka katika kila kazi aliyoipenda. Alipompelekea, walikunywa chai katika mkahawa wenye meza za plastiki, chai ikapoa wakiwa bado wanazungumza. Chuo kikuu Chaki alikuwa amesomea historia ya vijitabu, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Sasa alipata wa kumuuliza. Alimsimulia juu ya mtawa aliyepinga msamaha wa dhambi kuuzwa kama bidhaa, wachapaji wakayadaka maneno yake yakasambaa nchi kwa nchi kabla wakubwa wa dini hawajajua waanze kumkamata nani. Alimsimulia juu ya mhamiaji aliyekuwa fundi wa kushona vibana viuno vya wanawake, ambaye kijitabu chake chembamba kiliwaambia watu wa makoloni kwamba hawahitaji mfalme wa ng'ambo ya bahari, nao wakamsadiki. Alimweleza pia ile karatasi yenye mchoro wa meli ya watumwa, miili imepangwa kama samaki kwenye kopo, iliyobandikwa ukutani mpaka watu wakashindwa kusema hawakujua.

"Na wote walipona?" Wino aliuliza.

Chaki akamwambia si wote. Kulikuwa na wanafunzi wawili, kaka na dada, waliosambaza vipeperushi chuoni kwao dhidi ya serikali ya wauaji. Msimamizi wa jengo akawaona. Walikatwa vichwa siku chache baadaye.

Tangu utotoni Wino alikuwa akichapa karatasi bila kujua kwamba karatasi zina ukoo, na kwamba baadhi ya wazee wa ukoo huo walikufa kwa ajili ya karatasi hizo. Alimtazama yule mwanamke akikusanya makombo ya mkate kwa kidole, akajua ameshanasa.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Wino alipiga saa ya chakula cha mchana, na walimu wenzake Chaki walijifanya wanasahihisha madaftari huku wametega masikio.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maneno ya mkuu wa shule. Kasema nichague, darasa au soko."

"Ukachagua lipi?"

"Nimemwambia darasa langu liko sokoni. Hakucheka."

"Basi mimi nacheka kwa niaba yake."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Wino hakulicheka. Kanisa lile liliongozwa na mchungaji ambaye ni baba yake mdogo, aliyemchukua baada ya wazazi wake kufariki, akamlea, akamfundisha kusoma na kuendesha mtambo. Waumini walikuwa wameongezeka na mchungaji alitaka kujenga kanisa kubwa. Alimpa Wino mchoro wa jengo jipya achape tangazo la rangi. Kiwanja hakikutajwa. Kazi ilipokuwa tayari kuingia mtamboni, mchungaji akaleta mstari mmoja wa kuongeza chini: mahali lilipo soko kuu.

Wino aliusoma mstari ule. Akauchapa. Alijiambia atamweleza Chaki kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Kila alipopiga simu aliuliza tena kama amekula, basi.

Tangazo lilimfikia Chaki kabla ya maneno ya Wino. Mteja wa mama yake alilileta sokoni, likapita mkono kwa mkono, watu wakashika vichwa. Chaki alitazama mnara uliochorwa juu ya mahali ilipo cherehani ya mama yake, kisha akaliona lile pambo la jani kwenye kona. Alitembea moja kwa moja hadi kiwandani, kilemba mkononi, akaweka karatasi mbili sambamba juu ya meza ya kukatia, tangazo la kanisa na kijitabu chake.

Wino alizima mtambo.

"Hii kachapa nani?"

"Mimi."

"Ulijua ni sokoni?"

Angeweza kudanganya, na labda angesadikiwa. "Nilijua. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Asubuhi unanichapia mimi, jioni unawachapia wao," Chaki alisema taratibu. "Wewe si mtu. Wewe ni mashine."

Aliondoka na kijitabu chake. Toka hapo simu ya Wino iliita bila kupokewa. Ujumbe alioandika ulisomwa na haukujibiwa. Mama yake Chaki, pini mdomoni, alimwona binti akikunja kitambaa kile kile mara tatu. Akazitoa pini, akamwambia kwamba yule kijana ni mwoga lakini si mwongo, maana mwongo angekuwa na jibu tayari. Chaki akasema mwoga na mwongo wote wanabomoa kibanda kile kile. Mama akamjibu, "Haya, mwalimu," akaendelea kushona.

Huku kiwandani, mchungaji alileta kazi nyingine. Safari hii kilikuwa kijitabu cha kuwajibu wafanyabiashara, na ndani yake waliitwa maadui wa kazi ya Mungu. Wino alikisoma chote amesimama, kisha akakirudisha.

"Baba mdogo, hiki sichapi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Mchungaji hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alivuta kiti akaketi. "Nani amekulea?"

"Wewe. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mchapaji akishachapa neno, naye ameshalisema. Hili silisemi. Nilisema lile la kwanza, na bado linaniuma."

Mzee alitazama mtambo aliomfundishia kijana huyu alipokuwa anaufikia kwa kupanda juu ya sanduku. Akamwambia Jumapili ibada ikiisha aache funguo mezani, na chumba cha nyuma anacholala akiache pia. Sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Wino alinunua karatasi yake mwenyewe. Mchana kweupe, madirisha wazi, wazee wa kanisa wakipita na kumsalimia, aliandika na kuchapa kurasa nne. Hakuwa na ufasaha wa Chaki. Aliandika kama anavyoongea. Aliuliza ni Mungu gani aliyewahi kuomba mkate wa wajane ili apate matofali. Akaandika kwamba nusu ya kwaya inauza nyanya, vitambaa na sufuria katika soko lile, na sadaka zao zimetoka humo. Akaandika: *Nilijua nikanyamaza. Namwomba radhi niliyemnyamazia.* Chaki alikuwa amemweleza kwamba waandishi wengi wa vijitabu walificha majina yao, tena kwa busara. Yeye alilitia lake lote, na chini yake akaongeza: mchapaji wa kanisa hili.

Jumapili alisimama mlangoni pa kanisa na shati lake jeupe, akamgawia kila aliyeingia. Wazee wawili walipotambua ni nini, walianza kuwanyang'anya watu. Mama mmoja mnene wa kwaya, muuza nyanya, aliikalia nakala yake mpaka wazee wakapita. Mahubiri yalipofika katikati alisimama akaanza kusoma kwa sauti. Mchungaji alimwomba aketi. Mama akamjibu kwa adabu kwamba magoti yake hayapendi kuinuka mara mbili, kwa hiyo atamaliza kwanza. Akamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini wimbo ulipotangazwa, kwaya haikuimba.

Jioni ile ile mama wa kwaya aliipeleka karatasi nyumbani kwa mama yake Chaki. Chaki aliisoma amesimama mlangoni, akarudia mstari mmoja, akalitazama jina. Akachukua simu.

"Haloo," Wino alisema, kama mtu asiyeamini.

"Ukurasa wa tatu umeomba radhi kwa mtu usiyemtaja."

"Anajijua."

"Anajijua. Uko wapi?"

Alikuwa kwa rafiki yake seremala, ameketi juu ya mbao na begi lake moja. Chaki akamwambia asiondoke. Alimkuta ana maranda ya mbao kwenye nywele, akaanza kuyatoa moja moja. Kisha akasema hajamsamehe yote. Lililobaki atalisamehe kwa awamu. Wino akasema anakubali hata awamu ndefu.

"Ulichelewa, Wino."

"Nilichelewa. Lakini nimefika na jina langu lote."

Chaki akaegemeza paji la uso kwenye kifua chake, wakakaa hivyo. Seremala alijikumbusha kazi fulani nje.

Tingatinga la halmashauri lilikuja Jumatano, siku iliyotangazwa ya kubomoa. Lilikuta soko halijafungua vibanda. Wafanyabiashara walikuwa wameketi chini mstari kwa mstari, na mbele yao kwaya ya kanisa imevaa sare. Wazazi wa wanafunzi wa Chaki walikuwepo. Wino na Chaki walipita katikati wakigawa kijitabu kipya, walichokiandika pamoja na kuchapa kwa mashine ya kukodi. Ofisa alipiga simu, akapiga nyingine, kila mara akienda mbali zaidi ili asisikike. Adhuhuri dereva wa tingatinga alizima injini, akaomba naye nakala moja.

Wiki iliyofuata baraza la wazee wa kanisa lilipiga kura kujitoa katika ununuzi wa kiwanja cha soko. Mchungaji alikuwa upande wa wachache. Hakumfuata Wino, wala hakumtumia salamu. Halmashauri nayo haikusema uuzaji umefutwa. Ilisema umesimamishwa. Mkuu wa shule alimpa Chaki onyo la maandishi, naye akalibandika kwenye ukuta wa chumba cha walimu ili wenzake walisome.

Kwa hiyo hawakusherehekea sana. Siku barua ya halmashauri ilipofika, Chaki na Wino walikuwa kwenye kibanda cha mama, yeye akishika upande mmoja wa pazia refu na Wino upande wa pili, mama akishona katikati.

"Watarudi," Chaki alisema.

"Najua. Na warudi. Ila nataka wakirudi watukute mume na mke."

Chaki hakuachia pazia. "Hiyo ni posa?"

"Ni posa. Sina kiwanda, sina chumba, na baba yangu mdogo huenda asifungue mlango tukienda kumwambia."

"Tutabisha hodi."

"Asipofungua?"

"Tutabisha tena. Mimi ni mwalimu, nimezoea kurudia somo." Akamtazama juu ya kitambaa, macho yakiwa na maji, kidevu kimeinuka. "Nimekubali, Wino. Na ukininyamazia tena, nitakuandika mji mzima ukusome."

Mama alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali tangu neno la kwanza, ili asikose kusikia. Sasa aliurudisha.

"Vuteni pazia vizuri," alisema. "Linakwenda upande."