Kofia Nyekundu ya Mshairi

Kila Jumatano shule ilifungwa mchana, na Tasnim alikuwa na kazi yake nyumbani. Kabla Bibi hajatandika msala sebuleni, Tasnim alikuwa akigeuza picha ya marehemu babu ielekee ukutani, kisha akiondoa kila kitu chenye sura ya mtu. Bibi hakupenda kusali huku akitazamwa. Ndivyo walivyozoea tangu kwao Bujumbura, na ndivyo walivyoendelea Brussels, katika nyumba yao ndogo juu ya saluni, karibu na barabara ya Chaussée de Wavre, mtaa wa Matonge.

Jumatano moja alirudi na rafiki yake Mwadi. Walibeba kichwa cha udongo walichokifinyanga pamoja shuleni, wakakiweka mezani sebuleni. Kilikuwa kichwa cha mshairi wa Italia aliyeishi miaka mia saba iliyopita. Ijumaa wangesimama mbele ya darasa la Madame Mathilde na kueleza habari zake.

"Pua yake ni kama ya mjomba wangu, tonton Mukendi," Mwadi alisema. "Akipiga chafya, Matonge yote inatikisika!"

Bibi alicheka, akawamiminia chai ya maziwa. "Alifanya nini mzee huyo?"

"Alitunga shairi refu sana, Bibi," alijibu Tasnim. "Wasomi waliandika Kilatini, lakini yeye aliliandika kwa lugha ya nyumbani na sokoni. Halafu mji wake ukamfukuza. Akaambiwa akirudi atachomwa moto."

"Akarudi?"

"Hapana. Alifia mji mwingine."

Bibi alishika kikombe chake kwa mikono miwili, asinywe.

Mwadi alikuwa akikipapasa kichwa. "Leo kilale kwetu, Tasnim. Nina sababu."

"Sababu gani?"

"Siwezi kusema."

"Basi kitabaki hapa."

Tasnim alikwenda jikoni kuosha vikombe. Aliporudi, Mwadi alikuwa amekwishavaa koti, na begi lake lilikuwa limevimba. "Bon, nakwenda. Maman ananingoja," alisema haraka. Tasnim alimsindikiza, akapitia dukani kununua mkate.

Aliporudi, Bibi alikuwa anakunja msala. Picha ya babu ilitazama ukuta. Mezani kichwa hakikuwapo.

Tasnim alisimama na mkate wake mkononi. Alikumbuka lile begi lililovimba, na ile sababu isiyosemeka. Hakuuliza kitu. Jioni hakula vizuri, na Bibi alipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba hana njaa.

Kesho yake darasani alimchunguza Mwadi kama askari. Mwadi aliliweka begi katikati ya miguu yake. Rafiki yao Lina alipolisogelea, Mwadi alilivuta upande wa pili. Wakati wa mapumziko alikwenda kujificha nalo pembeni mwa uwanja. Sasa Tasnim hakuwa na shaka hata kidogo.

"Mwadi, rudisha kichwa!" alipaza sauti mbele ya wote.

"Kichwa gani? Sikuchukua kitu mimi!"

"Ulikitaka kilale kwenu. Nikaingia jikoni, ukakitia kwenye begi. Mwizi!"

Bienaimé, aliyependa ugomvi kuliko mpira, alianza kupiga makofi. "Fungua begi! Fungua begi!" Wengine wakamfuata.

Mwadi alilifungua mwenyewe, akamwaga vyote chini. Vilianguka kitambaa chekundu, uzi, sindano, na kofia ambayo haijamalizika kushonwa, kama ile ambayo mshairi yule huvalishwa katika michoro.

"Nilipima kichwa kwa uzi ulipokuwa jikoni," Mwadi alisema. "Nilitaka ufurahi."

Aliokota vitu vyake. Walipoingia darasani, alikwenda kukaa dawati jingine.

Alasiri Tasnim alimsimulia Bibi yote huku analia. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kabati la mablanketi, akatoa furushi lililofungwa kwa kitenge chake cha Idi. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha mshairi, kizima.

"Jana ulisahau kazi yako," alisema taratibu. "Nikasema, mtoto ana mgeni, nimsaidie. Nikageuza picha, nikamlaza mzee huyu mahali laini asivunjike. Nilidhani umeelewa. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona nimeshajua, Bibi." Tasnim alifuta machozi. "Hata mshairi huyu yalimpata hayo. Watu wa mji wake walikuja kuitaka mifupa yake, wakakuta kaburi tupu. Kumbe watawa waliipenda, wakaificha. Baadaye sana ndipo ikaonekana, ndani ya ukuta."

"Na huo mji uliomfukuza, ulifanya nini?"

"Siku hizi kila mwaka unapeleka mafuta ya zeituni kwa ajili ya taa inayowaka kaburini kwake."

"Basi hao wamejua pa kuanzia kuomba radhi. Vaa koti."

"Si nimpigie simu tu?"

"Hukumwita mwizi kwa simu, mwanangu."

Bibi alifunga maandazi katika kitambaa, wakaenda. Maman Myriam, mama yake Mwadi, aliwafungulia mlango akiwa na futi ya kupimia shingoni. Mwadi alikaa karibu na cherehani, hakuinuka.

"Nilikukosea," Tasnim alisema. "Kichwa kilikuwa kwetu. Nilikuita mwizi bila kuuliza mtu. Nisamehe."

Mwadi aliutazama mzigo. "Mji wa mshairi unapelekaka mafuta kaburini. Yako iko wapi?"

"Ni maandazi. Yamekaangwa kwa mafuta."

Mwadi aliuma mdomo asicheke. "Bon. Kesho utasema mbele ya wote? Hata Bienaimé?"

"Hata Bienaimé."

Na Ijumaa alisema, kabla ya kutaja neno lolote juu ya mshairi. Bienaimé alitazama viatu vyake. Kisha Mwadi akakivisha kichwa kofia nyekundu. Ilikaa sawasawa.

Bibi, aliyealikwa pamoja na wazazi, aliwasubiri mlangoni akawashika mikono wote wawili.

"Shaka humwingia kila mtu," alisema. "Ikikuingia, ifanye swali, umuulize mtu kwa upole. Ukiifanya hukumu, utamuumiza asiye na kosa. Na ukikosea mbele za watu, tengeneza mbele za watu."

Jumatano iliyofuata Tasnim aligeuza picha ya babu, kisha akakibeba kichwa hadi kabatini, na kofia yake.

"Bibi," aliita, "mzee nimemlaza mimi!"