Mke Mwenza wa Plasta

Daktari alikutwa kifudifudi ofisini kwake, nyundo kando, damu imeganda kisogoni. Rafu zilijaa nyuso za plasta zilizonakiliwa kwa watu wa kabila lake, za kiume na za kike pamoja, zote upara na macho yamefumbwa. Maisha yake yote alipima taya na mapaji, akitafuta wapi mwanamume na mwanamke hutofautiana. Uso mmoja ulikuwa umepondwapondwa sakafuni.

Inspekta aliamuru vipande vikusanywe.

"Alama za vidole zimefutwa," mtaalamu wa maabara alimwambia kesho yake. "Uso nimeuunganisha. Kwa vipimo vya mashavu na taya, naona ni wa kike. Kuapa siapi. Wapo wanaume wenye sura nyembamba."

Msaidizi wa marehemu hakuhitaji vipimo. Aliutazama, akamnong'oneza Inspekta mwenye uso ule ni nani. Inspekta akaagiza mjane aitwe.

"Pole kwa msiba, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Ofisini kwa mzee ulifika lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi kutia mguu. Yeye na kazi yake, mimi na nyumba yangu."

"Kuna uso umevunjwa kule. Unamjua mwenye uso huo?"

"Nitamjulia wapi mwanamke huyo?"

"Mimi sikusema ni mwanamke."

Njia ya mwongo ni fupi. Mabega yakamshuka mjane.

"Kila jioni alirudi moyo umebaki huko. Nikajua nina mke mwenza. Siku ile nikamfuata, nikachungulia. Alikuwa ameupakata uso ule kama mtoto mchanga, anaupapasa mashavu. Mimi shavu langu hajaligusa tangu lianze kukunjamana. Nikaingia, nikamuuliza, 'Nani huyu?' Akacheka. Akasema, 'Mtazame vizuri.' Kicheko kile ndicho kilichonipandisha wazimu. Alipogeuka kuuweka mezani, nikaokota nyundo. Nilipommaliza yeye, nikamgeukia huyo bibi."

Inspekta aliweka mezani picha ya uso uliounganishwa.

"Mzee alikupima lini, mama?"

"Mimi? Kabla hajanioa. Nilikuwa wa kwanza. Plasta ilinitekenya, nikacheka ikapasuka, tukarudia..."

Aliinamia picha. Taratibu akatanua vidole viwili, akapima kutoka shavu hadi shavu, kisha akavipandisha vidole vile vile usoni kwake.

"Kumbe nilikuwa mzuri hivi," alisema.