Uzito wa Trela la Dada

Mimi ni fundi wa matairi. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nina mazoea na mambo ya mizimu. Kazi yangu ni upepo, mpira na nati, na kwa miaka kumi na tisa halijaniletea gari hata moja jambo lisilokuwa na sababu. Hili ninalosimulia lilimpata mume wa dada yangu, nami nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kucheka acheke. Hata mimi nilianza kwa kucheka.

Shemeji alikuwa mpimaji kwenye ghala la nafaka, na watu walimwita Bwana Kilo. Alikuwa na mizani mbili, kubwa ya malori na ndogo ya matoroli, na ile ndogo ndiyo iliyokuwa mboni ya jicho lake. Alisema inaweza kutofautisha gunia lililolala ndani na lililolowa umande. Dada yangu alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwepesi wa ulimi. Wenzake wakimtania kuhusu mume wake, aliwajibu kwamba angalau yeye ana mwanamume anayejua thamani yake hadi gramu ya mwisho.

Walikuwa na ndoto moja tu, nayo ilikuwa trela. Walilinunua likiwa limechakaa kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama: trela la kulala la magurudumu mawili, kitanda upande wa kushoto, jiko la gesi upande wa kulia. Dada alilishonea mapazia ya njano. Katika gazeti aliona picha ya kambi namba nne ya hifadhi ya taifa, pembeni mwa ziwa, akaikata na kuibandika ukutani juu ya cherehani yake. Nia yao ilikuwa kwenda nje ya msimu, wageni wakishaondoka, wakae siku chache wasikilize maji bila kelele za watu.

Tatizo ni kwamba miezi ambayo hifadhi huwa tupu ndiyo miezi ambayo ghala hujaa. Kila mwaka shemeji alisema mavuno yapite kwanza, na yalipopita, hifadhi ilikuwa imeshafurika watu. Basi akasema mwakani. Alisema mwakani mara nne. Mwaka wa tano dada akaugua, akawa anapelekwa kliniki kila Jumatatu, na baada ya Jumatatu tisa akafariki. Ndiye aliyenilea mama yetu alipotutoka, kwa hiyo siku ile nilizika mama kwa mara ya pili.

Miezi mitano baadaye shemeji alikuja kibandani kwangu akitaka matairi mawili ya trela. Aliniambia anakwenda hifadhini, kambi namba nne. Nikamuuliza anakwenda na nani. Akajibu, mapazia ya dada yako hayajawahi kuliona lile ziwa. Nilimwambia nitakwenda naye, maana mtu mwenye msiba haachwi peke yake barabarani.

Tukaanza kupanga. Ofisi ya hifadhi ilitupa tarehe ya mbali kidogo, wiki ya kumi kuhesabu kuanzia hapo, kwa sababu mvua zilikuwa zimeharibu barabara ya ziwani na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitengeneza wakati hakuna mgeni. Sisi tukaona sawa, tutapata nafasi ya kulikarabati trela. Shemeji alitaka kujua uzito wake, kwa sababu gari lake dogo lisingeweza kuvuta mzigo mzito. Kwenye karatasi za mauzo, trela pamoja na vyombo vyake lilikuwa kilo mia sita na arobaini. Jumatatu asubuhi, kabla malori hayajaanza kuingia, tulilisukuma juu ya mizani ndogo. Likasoma mia saba na moja.

Nilimtania kwamba hatimaye mizani yake imezeeka. Hakufurahi hata kidogo. Alileta mawe yake ya kupimia, akayapanga juu ya sahani moja baada ya jingine, na mizani ikasema kweli kwa kila jiwe. Tukatoa godoro, jiko, mtungi, na mapazia. Nikafungua mbao za sakafu nikitafuta maji yaliyotuama. Pakavu kabisa. Tukapima tena kila kitu kikiwa nje, tukatoa uzito wa vitu hivyo kwenye hesabu, na bado zilikuwepo kilo sitini na moja za ziada ambazo hatukujua zimekaa wapi.

Jumatatu iliyofuata zilikuwa hamsini na tisa. Nikasema unaona, ni unyevu, linakauka. Shemeji aliipenda hoja hiyo, akaenda kazini anapiga mluzi. Jumatatu ya tatu, hamsini na sita. Ya nne, hamsini na mbili.

Siku hiyo ya nne nilikuwa nimekuja na kipimo changu cha upepo. Matairi yote mawili nilikuwa nimeyajaza mwenyewe, sawasawa. Lakini la kushoto lilikuwa limebonyea. Nililipima mara tatu. Upepo ulikuwa uleule. Tairi halidanganyi: likibonyea, kuna kitu juu yake. Nikamwambia shemeji kwamba mzigo uko upande wa kushoto.

Upande wa kitanda.

Aliingia ofisini kwake, akarudi na kadi ya kliniki ya dada. Sikujua kwamba alikuwa bado anayo. Akaiweka juu ya daftari lake la mizani, safu ya kilo kwa safu ya kilo, nami nikafuata kwa kidole. Sitini na moja. Hamsini na tisa. Hamsini na sita. Hamsini na mbili. Kidole changu kikaendelea chenyewe kwenda chini ya kadi, mahali ambapo daftari lilikuwa bado jeupe. Arobaini na tisa, arobaini na saba, arobaini na nne, arobaini na moja, thelathini na nane. Baada ya hapo kadi haikuwa na maandishi tena.

"Shemeji," alininong'oneza, "zimebaki Jumatatu tano. Na mimi nimempangia wiki ya kumi."

Ningeweza kumwambia kwamba huzuni imemchanganya, na pengine mwingine angemwambia. Mimi nilikuwa na kipimo cha upepo mkononi. Nikaingia ndani ya trela, nikakaa kwenye kiti kinachotazamana na kitanda, nikakaa sana. Palikuwa kimya. Pakanukia kitambaa kipya, vile chumba chake cha kushonea kilivyokuwa kikinukia. Nikalia kama mtoto, kisha nikatoka nikamwambia tutabadilisha tarehe hata kama itabidi tufukie mashimo ya ile barabara kwa mikono yetu.

Kuanzia hapo kupanga safari kukawa mbio. Shemeji alipiga simu ofisi ya hifadhi kila siku. Yule mama wa huko alikuwa mvumilivu. Alimweleza kwamba maji ya bomba yamefungwa, choo kinachofanya kazi ni kimoja, walinzi wako likizo, na huko ziwani ni matope matupu. Kwa nini asingoje wiki chache? Shemeji alimwambia ana mgonjwa ambaye hana wiki chache. Mama akauliza ni mgonjwa gani. Akajibu ni mke wangu. Hakuwa anamdanganya, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Jumatatu ya tano, arobaini na tisa. Ya sita, arobaini na saba. Ya saba, arobaini na nne. Tairi la kushoto likawa linainuka kidogo kidogo, na sijawahi kuona jambo la kusikitisha kama tairi lile. Shemeji naye akaanza kulala ndani ya trela. Asubuhi alikuwa mchangamfu, ananiambia jana amemwelezea ziwa lilivyo, kana kwamba yeye mwenyewe amewahi kuliona.

Jumatatu ya nane, arobaini na moja, simu iliita tukiwa bado penye mizani. Mama wa ofisi alikuwa ametupatia Jumamosi. Katika fomu shemeji aliandika watu watatu. Bosi wake alimpa Jumamosi na Jumapili tu, Jumatatu awe kazini, maana malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani. Mavuno yaleyale.

Tuliondoka kukiwa kumepambazuka. Shemeji aliendesha taratibu mno, na kila tulipoingia kwenye shimo aliomba radhi kwa sauti ya chini. Hakuwa ananiomba mimi. Kila tuliposimama nilikwenda nyuma kutazama matairi. La kushoto lilikuwa bado limebonyea, kidogo sana, kama linavyobonyea mtoto mkubwa akikaa. Nikarudi nikamwambia bado yupo. Tulizungumza hivyo, waziwazi, kama watu wanaosafirisha mgonjwa.

Langoni palikuwa na askari mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa koti la mvua. Alisoma kibali, akatuhesabu, akauliza wa tatu yuko wapi.

"Amelala," shemeji akasema.

Askari alitembea hadi kwenye trela. Alisimama karibu na dirisha. Sikuona alichokiona, kwa sababu alitupa mgongo, ila niliona akivua kofia. Aliporudi, aliongea kwa kunong'ona.

"Mpelekeni polepole. Barabara ni mbaya."

Tulifika kambini saa tisa alasiri. Hapakuwa na mtu, hema, wala moshi. Ziwa lilikuwa jeupe na mbele yake kulikuwa na uwanja wa matope laini, hauna alama hata ya ndege. Mimi niliinama kuweka mawe kwenye magurudumu. Shemeji akaenda mlangoni, akaufungua, akashusha ngazi ya chuma.

Springi zililia. Kisha ngazi ikashuka kidogo, kama inavyoshuka mtu akiikanyaga.

Nilikuwa nimeinama usawa wa tairi. Niliona kwa macho yangu. Trela likainuka. Tairi la kushoto likajaa, likawa duara kamili. Hapakuwa na mtu mlangoni. Shemeji alikuwa amekunja mkono wake wa kulia, vile alivyokuwa akiukunja wakati wa kumtoa dada kliniki, na mkono wa koti lake ulikuwa umebonyea kwenye kiwiko. Alinitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa na amani namna ile. Wakaondoka kuelekea ziwani, hatua moja, wanapumzika, hatua moja, wanapumzika. Nilitaka kuita. Nikabaki nimeshika jiwe la gurudumu.

Nilimsubiri saa mbili na nusu. Nilimwita kwa jina lake la kazi, kisha kwa jina lake la nyumbani. Jua lilipokuwa linazama nilimwona anakuja peke yake. Akakaa kwenye ngazi.

"Amepapenda," akasema.

Nilimpa sahani ya chakula akaishika hadi kikapoa. Sikutaka kumsumbua. Asubuhi, wakati anafunga trela kwenye gari, nilikwenda kutazama mahali dada alipopataka miaka yote ile. Kwenye matope kulikuwa na alama za viatu vya shemeji, na kando yake alama ndogo za miguu mitupu, zinaburuta. Zilikwenda sambamba hadi majini.

Nilitafuta zinazorudi. Nilizunguka uwanja wote, kushoto na kulia. Hazikuwepo za dada, hilo nililitegemea. Hazikuwepo za yeyote.

Nikarudi. Viatu vya shemeji vilikuwa vikavu, havina tope. Sikumuuliza. Njiani mashimo yalikuwa yaleyale, lakini sasa hakuomba radhi kwa mtu.

Jumatatu asubuhi tulilisukuma trela juu ya mizani ndogo kwa mara ya tisa. Shemeji alisema hana haja ya kuangalia, niangalie mimi. Mia sita na arobaini kamili, hata kilo moja haikuzidi. Nilipanda mwenyewe kwenye ngazi ili nione kama mizani ni nzima. Ikaruka hadi mia saba na kumi na mbili; zile sabini na mbili zilizoongezeka ni kilo zangu na buti zangu. Nikashuka, ikarudi mia sita na arobaini. Nikashusha pumzi. Nikajiambia kwamba angalau tumemfikisha, na kwamba sasa shemeji atapumzika, ataanza upya.

Alinipita akisema anataka kuyatoa mapazia akayafue. Akakanyaga ngazi, akaingia ndani. Nilimsikia akivuta pete za mapazia, moja moja. Nilikuwa bado nimekazia macho ile namba.

Haikutikisika.

Nilingoja. Alitembea toka dirishani hadi kitandani, nikimwona kabisa, mwanamume mzima mwenye mabega mapana. Mia sita na arobaini. Aligeuka akanikuta nimekodoa macho kwenye mizani yake, ile ambayo haijawahi kumdanganya mtu. Hakukasirika. Alinionea huruma.

"Usinipime, shemeji," alisema polepole.

Nje malori yalikuwa yameanza kupiga honi. Nilichukua kalamu nikaandika mia sita na arobaini kwenye daftari lake, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikaegemea ukuta wa ghala nikalia. Nilikuwa na misiba miwili sasa, na mmoja wa hao marehemu alikuwa amesimama mlangoni na mapazia ya njano mkononi, ananiuliza kama nimekunywa chai.