Pete Tatu za Nelda

Kila alasiri, akishawalisha kuku, Nelda Hargett aliifuta meza ya jikoni na kuweka juu yake chupa pana ya achari, iliyofungwa kwenye kigari cha mbao. Aliijaza maji mekundu, kisha akakisukuma kigari huku na huku. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mji wao wa Huntsville, Marekani, siku hizo ulizungumzia roketi tu.

Baba yake, Coy, alikuwa fundi wa kuchomelea. Aliingia ndani ya matangi ya roketi, marefu kuliko nyumba yao, akachomelea pete za bati ukutani kuanzia juu hadi chini. Alimweleza Nelda kwamba mafuta yakisukasuka angani huiyumbisha roketi, mpaka inaweza kupinduka. Pete zile huyavunja mawimbi. Kwa Nelda, hapakuwa na fundi kama baba yake Alabama nzima.

Sasa shule iliandaa maonyesho ya sayansi. Mshindi angepelekwa kiwandani kutazama injini ikiwashwa, mahali ambapo watoto hawakuruhusiwa kamwe. Nelda aliitaka safari hiyo kufa na kupona, aione kazi ya baba yake kwa macho yake.

Chupa ndiyo ingekuwa tangi lake, kwa hiyo alikata pete kutoka kwenye mkebe wa kahawa. Bati lilimchana vidole, na baada ya pete tatu akachoka, akazibandika zote kwa gundi ndani ya chupa, karibu na mdomo. Chupa ikijaa, maji yalitulia vizuri mno. Jumanne alipoyapunguza hadi nusu, yalichapa kuta kama hakuna pete. Akaijaza tena. Angeionyesha ikiwa imejaa tu.

Siku ya maonyesho, mhandisi aliyekuja kuamua, Bwana Kessler, alikisukuma kigari mwenyewe. Maji hayakucheza. Alitabasamu, akaandika. Nyuma yake Coy, akiwa amevaa shati lake la kanisani, alikuwa akimnong'oneza kila jirani kwamba yule ni binti yake. Furaha ile ilimchoma Nelda kuliko bati.

"Bwana, ngoja kidogo," alisema. Akamwaga nusu ya maji ndooni, akasukuma. Maji yaliruka mpaka kwenye tai ya mhandisi, na watoto wakacheka. "Nilijua tangu Jumanne. Nilichoka kukata bati, nikaficha."

Ushindi ukaenda kwa kijana aliyewasha taa kwa viazi. Nelda alilia njia nzima. Walipofika, Coy aliweka mkasi wa bati mezani, wakaketi wote wawili. Walikata na kubandika pete hadi kwenye kitako cha chupa, wakajaribu maji yakiwa mengi, nusu na haba. Kila mara yalitulia.

"Roketi haibaki imejaa, mama," Coy alisema. "Inapaa huku mafuta yanapungua. Na mimi humo ndani niko peke yangu; nikiiharibu pete ya chini, nani ataniona? Mwezi wa tatu niliharibu moja. Nikaenda kumwambia msimamizi mwenyewe. Alinifokea mbele ya watu wote, nikairudia upya. Watu wanaitegemea kazi ambayo hawawezi kuikagua, kwa hiyo lazima niwe mkweli mimi."

Akakishika kidole cha Nelda kilichochanika.

"Ulitaka kuiona kazi yangu. Ndiyo hii uliyoifanya leo."