Buti la Kushoto

Asubuhi ya kwanza, fundi wa laini za umeme alikuta buti lake la kushoto limejaa maji pomoni. La kulia kavu kabisa. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu, na mabuti yalilala chini ya kitanda. Akadhani ni utani wa wanawe. Akamwaga, akafuta, akaenda kazini.

Asubuhi ya pili, yaleyale, na chumba kinanuka mpira ulioungua.

"Baba watoto, hilo ni jini," mkewe alinong'ona. "Leo usipande nguzo, nakuomba."

"Jini gani la kuosha viatu?" alitania, akalimwaga tena, akaenda kazini.

Mabuti hayo ya mpira, ya kuzuia umeme, alipewa na mtunza stoo wa kazini, naye hakuwa mtu baki: kaka wa mkewe, aliyekula naye sahani moja miaka kumi. "Mapya haya, shemeji. Nimeyapima kwa mkono wangu."

Kupima kwenyewe ni hivi: buti hujazwa maji, likawekwa juu ya gazeti kavu. Likivuja hata tone, umeme nao hupenya, basi hukatwa kwa kisu, asije mtu akafa nalo.

Asubuhi ya tatu hakumwaga. Aliliweka juu ya gazeti, akachuchumaa, na harufu ile ikazidi kumkaba, na nyuma yake zikaja nyayo, mguu mmoja na buti, mwingine mtupu, polepole, kwa mwendo alioujua, mwendo wa Kinyonga, mwenzake aliyepanda nguzo taratibu hadi wakambandika jina hilo, ambaye umeme ulimuua mwezi uliopita na wao wenyewe wakamzika, nazo zikasimama mgongoni pake.

Gazeti likaloa. Chini ya kisigino palikuwa na tundu la sindano, kingo zake nyeusi.

Alilibwaga mezani stoo. "Hili la Kinyonga."

Shemeji aliinamisha kichwa. "Lilionekana zima. Mapya hayajaja, na mkubwa alitaka mtu apande."

"Ukanipa mimi! Mume wa dada yako!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa mguuni. Machozi yalimtoka fundi, akalikata buti vipande viwili mbele ya shemeji.

Kesho yake chini ya kitanda palikuwa pakavu. Wakiwa wanakunywa chai, simu ya mkewe ikalia. Ni kaka yake; akaiweka spika.

"Dada, viatu vyangu vyote vimejaa maji. Na kuna mtu anatembea humu ndani. Mwambie shemeji nifanyeje?"

Fundi aliweka kikombe chini.

"Mwambie avipime," alisema. "Kwa mkono wake."